Podiamu ya Zege, Ghorofa za Mbao

Katika jengo la ghorofa kumi huko Kilimani, Nairobi, sehemu inayomnyima mhandisi usingizi haiko kileleni. Iko ghorofa ya tatu au ya nne, pale maegesho ya magari yanapoishia na vyumba vya kulala vinapoanzia. Chini, gari linataka nafasi ya takriban mita 2.5 kwa 5. Yakipangwa matatu ubavu kwa ubavu, nguzo zinaachana mita 8 hivi. Juu, nyumba inataka ukuta kila baada ya mita 3 au 4. Mipango hii miwili haioani. Nguzo inayoshuka kutoka juu inafika kwenye dari la maegesho na kukuta chini yake ni njia ya magari.

Kazi ya podiamu ni kusuluhisha mgongano huo. Katikati ya jiji podiamu hubeba maduka na benki. Kileleshwa, Lavington na Westlands hubeba magari, matangi ya maji, na mara nyingi bustani na bwawa la kuogelea juu yake. Kila nguzo ya juu iliyokosa mwenzake chini inakalia boriti nene ya kuhamisha mzigo, yenye kina cha mita moja, moja na nusu, wakati mwingine zaidi. Boriti hizo hula vyuma na saruji kwa wingi, na uzito wa ghorofa zilizo juu yake huchangia pakubwa ukubwa wa misingi.

Siku hizi wasanifu na wenye miradi wanauliza kama podiamu yenyewe inaweza kujengwa kwa mbao zinazoundwa kiwandani: glulamu, yaani vipande vilivyogundishwa kuwa nguzo na boriti, na CLT, yaani paneli za mbao zilizopangwa safu juu ya safu, kila safu ikikingama ile ya chini. Jibu langu ni kwamba hapa Nairobi podiamu ibaki ya zege na mbao ianzie juu yake. Lakini faida kubwa ya mbao hizo za juu itaonekana ndani ya podiamu, na huko ndiko watu wengi hawapigi hesabu.

Kabla ya hesabu, inafaa kukumbuka kwamba podiamu nyingi za Nairobi tayari hujengwa kwa msaada wa mbao za kiwandani. Zege la boriti ya kuhamisha mzigo kwa kawaida linamwagwa ndani ya kalibu ya plaiwudi ya milimita 18, ile nyekundu au nyeusi ambayo mafundi huiita marine, futi nane kwa nne. Slabu ya kawaida ya milimita 200 inaibebesha plaiwudi karibu kilo 500 kwa kila mita mraba. Boriti ya kina cha mita 1.5 inaibebesha zaidi ya tani 3.7 kwa eneo lilelile, na zege likiwa bado bichi linasukuma mbavu za kalibu kwa nguvu ya kiasi hichohicho karibu na sakafu yake. Ndiyo maana fundi mzuri hufunga mbavu mbili kwa fimbo za chuma zinazopita katikati ya boriti, na haamini misumari peke yake.

Mtazame fundi huyo anapolaza karatasi ya marine juu ya mbao za nne kwa mbili. Anaangalia nyuzi za uso zinaelekea wapi. Zikivuka mbao za kubebea, karatasi inasimama imara. Zikienda sambamba nazo, karatasi ileile inabonyea, na tumbo hilo linabaki kwenye dari maisha yote ya jengo. Akiikata, anapaka rangi ukingo mbichi, maana maji huingilia hapo. Chini yake zimesimama propu za chuma au za miti ya mikaratusi zilizokazwa kwa kabari, tena si ghorofa moja tu: mzigo wa boriti kama hii lazima ushushwe kwa propu kupitia slabu za chini hadi kwenye ardhi, kwa sababu slabu iliyomwagwa wiki tatu zilizopita haijawa na nguvu ya kuubeba.

Mambo hayo matatu, mwelekeo wa nyuzi, maji kwenye kingo zilizokatwa, na njia ya mzigo hadi chini, ndiyo yanayotawala pia ujenzi wa CLT. Fundi wa Nairobi anayeyajua kwa plaiwudi ya milimita 18 ana msingi wa kujifunza paneli ya milimita 170.

Sasa uzito. Ghorofa ya kawaida ya Kilimani ina slabu ya zege ya milimita 200, ambayo ni kilo 500 kwa mita mraba pamoja na vyuma vyake. Vigae na lipu, tuseme 150. Kisha kuta: sisi hujaza fremu ya zege kwa mawe ya kukatwa kwa mashine, mengi yakitoka machimbo ya Ndarugu, na ukuta wa mawe wenye lipu pande zote mbili una uzito wa tani moja hivi kwa kila mita ya urefu. Ukizigawa kuta hizo kwa eneo la sakafu unapata kilo 350 au zaidi. Jumla, ghorofa moja ina uzito wa kama tani moja kwa mita mraba kabla hajaingia mtu wala kochi.

Badilisha ghorofa hiyo. Paneli ya CLT ya milimita 170 ina kilo 80 na kidogo. Juu yake mwaga tabaka la zege la milimita 60 ili jirani wa chini asisikie kila kiti kinachoburutwa: kilo 140. Ongeza mbao za jipsamu, vigae na kuta nyepesi, unafika kilo 350, labda 400. Kwa ghorofa saba juu ya podiamu, tofauti ni zaidi ya tani 4 kwa kila mita mraba. Nguzo ya maegesho inayohudumia eneo la mita 8 kwa 8 inapunguziwa kati ya tani 270 na 290. Hizo ni hesabu za kukadiria na kila jengo litakuwa na zake, lakini hata ukikosea kwa robo nzima, boriti ya kina cha mita 1.5 haihitajiki tena. Slabu nene inaweza kutosha. Kina kilichookolewa kinaongeza kimo cha maegesho au kinapunguza kuchimba mwamba, na Nairobi kuchimba mwamba ni gharama.

Jengo lililoonyesha jambo hili kwa uwazi ni Brock Commons, bweni la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha British Columbia huko Vancouver, Kanada, lililokamilika 2017. Lina ghorofa 18 na urefu wa mita 53. Ghorofa ya kwanza ni ya zege, na minara miwili ya ngazi na lifti ni ya zege hadi juu. Zilizobaki 17 ni za mbao: nguzo za glulamu zimepangwa kwa mita 2.85 kwa 4, na paneli za CLT za milimita 169 zimekalia nguzo moja kwa moja bila boriti yoyote. Nguzo hizo za karibukaribu hazingefaa katika ghorofa ya chini yenye kumbi, kwa hiyo kati ya zege na mbao kuna slabu ya kuhamisha mzigo. Ghorofa 17 zimekalia slabu, hazikukalia boriti za kutisha. Mbao zote zilisimamishwa ndani ya siku zisizofika 70 tangu vipande vilipowasili saiti.

Kwa nini basi tusishuke na mbao hadi chini? Sababu ya kwanza ni moto. Mbao nene huungua kwa mwendo unaojulikana. Kanuni ya Ulaya ya mbao, Eurocode 5, huchukua milimita 0.7 kwa dakika kwa glulamu ya mbao laini, pamoja na milimita 7 za ndani ambazo joto limezidhoofisha. Kwa saa mbili unapoteza milimita 91 kila upande. Nguzo ya milimita 400 kwa 400 iliyozungukwa na moto inabakiwa na 218 kwa 218, yaani chini ya theluthi moja ya eneo lake, na juu yake kuna familia zinazoshuka ngazi. Ghorofani, moto wa sebule unaweza kufungiwa ndani ya nyumba moja kwa jipsamu na milango. Kwenye maegesho, gari moja huwasha la pili. Kanuni ya IBC ya Marekani, inaporuhusu jengo la juu lihesabiwe peke yake, inataka sakafu ya kulitenganisha na podiamu istahimili moto kwa saa 3. Kutoka kituo kikuu cha zimamoto cha Tom Mboya Street hadi Lavington kwa foleni ya saa kumi na mbili jioni, naona saa hizo tunazihitaji sisi kuliko wao.

Sababu ya pili ni maji, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Mbao inayokaa na unyevu unaozidi asilimia 20 huota kuvu, na mchwa hawachelewi. Podiamu zetu zimebebeshwa bwawa, udongo wa maua na bomba za kila nyumba. Anayeegesha gari beismenti ya jengo lolote la miaka kumi anayajua madoa meupe ya chokaa yanayoning'inia kwenye dari: ni maji yaliyopenya utando wa kuzuia maji. Zege huvumilia kosa hilo kwa miaka na kulitangaza kwa madoa. Dari la CLT lililofunikwa kwa jipsamu lingelificha mpaka paneli ioze.

Wengine waliofikiria suala hili wamefika hapohapo. Ascent, jengo la Milwaukee lililokamilika 2022, lina ghorofa 25: sita za chini ni za zege na ndimo yamo maegesho, 19 za juu ni za mbao. Karibu nasi, kampuni ya CPS inayojenga mji wa Fumba, Unguja, ilitangaza mwaka 2021 mpango wa Burj Zanzibar, mnara wa ghorofa 28 na mita 96 uliosanifiwa na kampuni ya usanifu ya OMT. Hata huko, kwenye mradi ulionadiwa kwa mbao zake, kiini kilichochorwa ni cha zege na vyuma.

Mahali pa kuangaliwa kwa makini kuliko pote ni pale mbao inapoikalia podiamu. Nguzo ya glulamu isiguse slabu kamwe. Inua kitako cha zege cha milimita 150 juu ya sakafu iliyomalizika, funga juu yake kiatu cha chuma chenye skrubu za kurekebisha kimo, kisha uikalishe nguzo. Kiatu kiruhusu maji kutoka na kiachwe wazi kwa ukaguzi, asije mtu akakijengea vigae. Skrubu zile nazo zina kazi kubwa: zege la Nairobi hutoka na tofauti ya milimita 10 au 20 kati ya kona na kona, ilhali mbao zimekatwa kiwandani kwa milimita moja au mbili. Kontrakta asiyepima slabu yote kwa chombo kabla ya nguzo ya kwanza atajikuta anaranda glulamu saiti, na hapo faida yote imepotea.

Usafiri nao unaamuru usanifu, jambo ambalo halipo kwenye michoro ya Kanada. Mbao zikitoka ng'ambo zitapitia Mombasa ndani ya kontena la futi 40, lenye mita 12 za urefu na upana wa ndani wa mita 2.35. Paneli ya upana wa mita 2.85 kama ya Brock Commons haiingii. Kwa hiyo mpango wa Kilimani uanze na paneli ya mita 2.2, na mistari ya nguzo au kuta za CLT ifuate kipimo hicho. Paneli ya mita 12 ina uzito wa tani 2 na kidogo, mzigo ambao kreni ya mnara inauweza, ila mhandisi athibitishe uwezo wake kwenye ncha ya mkono.

Na mbao za kwetu? Msaiprasi na msindano wa mashamba ya Kenya hukua haraka, lakini marufuku ya ukataji iliyotangazwa Februari 2018, na ambayo serikali ilitangaza kuiondoa 2023, iliwafundisha wanunuzi kuitegemea Tanzania, yenye shamba kubwa la Sao Hill huko Mufindi. Kiwanda cha glulamu kinaweza kuanza na miti hii, mradi kila ubao upimwe nguvu na ukaushwe hadi asilimia 12 hivi. Mbao mbichi za yadi, zinazouzwa zikiwa bado zinatoa maji, haziwezi kugundishwa. Kwa upande wa sheria, Kanuni za Ujenzi za Kenya za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 badala ya zile za 1968, zinampa mhandisi mlango mpana kuliko wa zamani, lakini atapaswa kupeleka hesabu za moto na unyevu pamoja na za nguvu, na azipeleke mapema.

Ratiba ndiyo ningeipanga kwanza kabla ya michoro mingine. Chimba na umwage podiamu kuanzia Oktoba hadi Mei. Mvua za vuli na masika husumbua uchimbaji lakini hazidhuru zege lililokwisha kushika, na muda huo kiwanda kinakata paneli. Juni hadi Septemba Nairobi ni baridi na kavu. Ghorofa saba za mbao zinatosha kusimama katika miezi hiyo minne, kila sakafu ikifunikwa turubai jioni na kupimwa unyevu asubuhi, na paa likafungwa kabla ya wingu la kwanza la Oktoba.