Masimulizi ya Wapanda Milima: Nani Aliyebeba Mzigo?

Katika nchi za Ulaya zenye milima mirefu, na hata katika nchi zisizo nayo, vipo tangu zamani vyama vya wapanda milima. Cha Uingereza kilianza mwaka 1857, cha Italia mwaka 1863, cha Ufaransa mwaka 1874. Wanachama wana desturi ya kukusanyika jioni. Mmoja wao aliyerudi safarini husimama mbele ya wenzake, huonyesha picha ukutani kwa taa, na kusimulia jinsi alivyopanda, jinsi alivyopatwa na baridi, jinsi alivyorudi.

Desturi hiyo ni njema. Kijana anayesikiliza hujifunza kwamba mwili unaweza kutii roho, na kwamba Mungu ameumba mambo makubwa kupita nyumba zetu na barabara zetu. Lakini masimulizi hayo hayana thamani moja. Wasikilizaji wengi huyapima kwa urefu wa mlima na ukubwa wa hatari. Sisi twaona kipimo kingine kinafaa zaidi: Je, msimulizi anasema nini juu ya wenzake?

Tuchukue kwanza habari iliyosimuliwa kuliko nyingi. Tarehe 3 Juni 1950 Wafaransa wawili, Maurice Herzog na Louis Lachenal, walifika kileleni pa Annapurna katika Nepal, mita 8,091. Kabla yao hakuna mtu aliyekuwa amefika kilele cha mlima wowote unaopita mita 8,000. Lakini wahenga walisema kweli: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Katika kushuka, mikono ya Herzog na miguu ya wote wawili iligandishwa na baridi. Wenzao Lionel Terray na Gaston Rébuffat waliwaongoza kushuka, wakalala wote wanne ndani ya ufa wa barafu. Kisha Washerpa na wapagazi waliwabeba majuma mengi, huku daktari akiwakata vidole njiani.

Herzog alisimulia safari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1951, kikauzwa mamilioni ya nakala. Ni kitabu chenye nguvu. Msomaji huhisi baridi mwilini mwake, na vijana wengi walikwenda milimani kwa ajili yake. Hatusemi kwamba aliyataja mateso yasiyokuwapo, maana mikono yake iliyokatwa vidole ilikuwa shahidi wake. Lakini kitabu kina kasoro moja kubwa: sauti ni moja tu. Kabla ya kuondoka, wasafiri wote walikuwa wameahidi kwa maandishi kwamba hawatatangaza habari zao wenyewe kwa muda wa miaka mitano. Basi kiongozi alisema, na wenzake walinyamaza.

Lachenal alikuwa na neno. Kazi yake ilikuwa kuongoza watu milimani, na kwa mtu wa kazi hiyo miguu ndiyo chakula cha watoto. Siku ile alihisi miguu yake inakufa, akataka kurudi. Alimwuliza Herzog atafanyaje endapo yeye atarudi. Herzog akajibu kwamba ataendelea peke yake. Hapo Lachenal akamfuata, akapoteza vidole vyote vya miguu. Baadaye aliandika kwamba hakuendelea kwa ajili ya sifa ya taifa. Aliona kwamba mwenzake akienda peke yake hatarudi. Lachenal alikufa mwaka 1955, alipoanguka katika ufa wa barafu karibu na Chamonix. Maandishi yake yalitolewa mwaka 1956, lakini yalikuwa yamepitia mikononi mwa ndugu yake Herzog, na sehemu nyingi ziliondolewa. Watu waliyasoma yote kamili mwaka 1996 tu.

Hasara iko wapi? Tendo kubwa kabisa la siku ile halikuwa kufika kileleni. Lilikuwa la mtu aliyekubali kupoteza miguu ili asimwache mwenzake afe. Tendo hilo lenye upendo lilifunikwa miaka arobaini na zaidi chini ya bendera na makofi. Twajua amri ya nane inakataza uongo. Lakini kuficha wema wa mwenzako nako ni kumnyima haki yake.

Sasa tuangalie mfano mwingine. Mwezi wa Julai 1889 padri kijana wa Milano, Achille Ratti, alipanda Monte Rosa kwa upande wa Macugnaga, mahali pa kuogofya. Usiku uliwakuta karibu na kilele cha mita 4,634, wakakesha juu ya mwamba mwembamba, bila nafasi ya kulala, wakijikaza kushinda baridi. Alipowaandikia wenzake wa chama cha Italia, hakujifanya shujaa. Aliwataja kwa majina padri mwenzake Luigi Grasselli, na viongozi wao Giuseppe Gadin na Alessio Proment. Akaeleza kwamba kupanda milima kwataka busara kuliko ujasiri wa kijinga. Mlima ule ni mfupi sana mbele ya Annapurna, lakini masimulizi yake yana watu wengi zaidi ndani yake. Padri huyo ndiye aliyekuwa Papa Pius XI tangu mwaka 1922.

Na sisi wa Kongo, jambo hili latuhusu. Kwenye mpaka wetu na Uganda umesimama mlima Ruwenzori. Mwaka 1906 Mwitalia Luigi Amedeo, mwenye cheo cha Duki wa Abruzzi, aliupanda kwa upande wa Uganda mpaka kilele kirefu kabisa, mita 5,109. Vittorio Sella alipiga picha ambazo hata leo watu huzistaajabia, na mwaka 1907 habari za safari zilisimuliwa huko Roma na London. Mwaka 1932 Wabelgiji wakiongozwa na Xavier de Grunne walipanda kwa upande wa Kongo. Lakini ni nani aliyepitisha mizigo katika matope na mianzi? Ni Wakonzo, ambao hapa kwetu huitwa pia Wanande, wenye mlima huo na wenye jina lao kwa ajili yake, Rwenzururu. Vilele viwili virefu kabisa vikaitwa Margherita na Alexandra, majina ya malkia wa Ulaya. Wapagazi walirudi kwao na ujira wao, na wengi wao hatuwajui hata kwa jina moja.

Basi, ndugu msomaji, ukialikwa siku moja kusikiliza mtu aliyetoka mlimani, awe mgeni au kijana wa parokia yako, msikilize kwa heshima. Taa ikizimwa na makofi yakiisha, muulize maswali matatu. Nani alibeba mzigo wako? Nani alitaka kurudi, na kwa nini? Nani alikungoja chini? Akijibu kwa furaha na kwa majina, ujue umesikia masimulizi ya kweli. Akinuna, umeona picha nzuri tu.

Mwaka 1923 Papa Pius XI aliwapa wapanda milima msimamizi wao mbinguni, Mtakatifu Bernardo wa Menthon. Mtakatifu huyo hasifiwi kwa kilele chochote. Katika karne ya 11 alijenga nyumba kwenye njia ya juu kati ya Italia na Uswisi, ili wasafiri waliopotea katika theluji wapate moto, mkate, na mtu wa kuwatafuta.