Kanuni za Shakey

Kati ya mwaka 1966 na 1972, huko Menlo Park, California, watafiti wa taasisi ya utafiti ya SRI walitengeneza roboti wakamwita Shakey, kwa sababu alitikisika kila alipotembea. Alikuwa na kamera, kipima umbali, sharubu za kupapasia vizuizi, na magurudumu. Kompyuta iliyomwamulia mambo ilikaa pembeni, ikizungumza naye kwa redio. Kazi yake ilikuwa kupita vyumbani na kusukuma maboksi.

Mimi huvutwa zaidi na kanuni zake. Mwaka 1971 Richard Fikes na Nils Nilsson walichapisha STRIPS, programu ya kumpangia roboti huyo matendo, na humo kila tendo lina sehemu tatu: yanayotakiwa yawe kweli kabla ya kulianza, yanayofutwa likishatendwa, na yanayoongezwa. Chukua tendo la kupita mlangoni. Roboti awe katika chumba cha kwanza, na mlango uunganishe vyumba viwili. Hufutwa habari kwamba yumo cha kwanza. Huongezwa kwamba yumo cha pili. Basi. Kisichotajwa kinabaki kilivyokuwa. John McCarthy na Patrick Hayes walikuwa wameonyesha mwaka 1969 jinsi ilivyo taabu kuieleza mashine, kwa mantiki, yote ambayo tendo haliyabadilishi. Fikes na Nilsson waliitua taabu hiyo kwa kunyamaza, na sijui kimya kingine katika fani ya akili bandia kilichopimwa vizuri hivyo.

Ila sakafu haifuati mantiki. Gurudumu huteleza, na roboti hujidhania yupo asipokuwepo. Kwa hiyo programu ilimwekea makisio ya kiasi alichopotoka, yakikua kadiri alivyosafiri; yakizidi kipimo, alitumia kamera kutazama alama anayoijua, akasahihisha mahali pake kabla ya kuendelea. Unyenyekevu huo uliandikwa ndani ya programu yenyewe.

Kisha kuna PLANEX, sehemu iliyotekeleza mipango, ninayoipenda kuliko zote. Mpango ulipangwa katika jedwali la umbo la pembetatu, lililoonyesha tendo gani linaandaa sharti la tendo lipi. Kila hatua ilipokwisha, PLANEX ilikagua kuanzia mwisho: lengo limetimia? Kama bado, masharti ya tendo la mwisho yapo? Na la kabla yake? La kwanza kukutwa tayari ndilo lililotendwa. Bahati ikimfanyia roboti sehemu ya kazi, aliziruka hatua zisizohitajika tena. Kazi ikiharibika, alirudi kwenye hatua inayofaa na kuirudia. Pasipokuwa na hatua inayofaa, STRIPS iliombwa mpango mpya.

Katika filamu waliyoitoa watafiti wenyewe, mtu aliyevaa joho anaingia na kusogeza boksi kwa makusudi. Hakuna kanuni iliyoandikwa kwa ajili yake. Ukaguzi ule ule wa kawaida, kutoka mwisho kwenda mwanzo, ndio uliomshughulikia.