Kipaza Sauti Kimoja, Vyombo Vitatu: Uhakiki wa Istilahi za Ufundi wa Sauti

Televisheni za chogo zinaondoka majumbani. Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwaka 1973, na Tanzania Bara ikapata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994. Kwa miaka mingi televisheni iliyojulikana na wananchi ilikuwa ile yenye kioo kizito mbele na chogo nyuma. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilipokamilisha kazi hiyo mwaka 2015, king'amuzi kiliziongezea televisheni hizo umri. Lakini televisheni bapa zilipozidi kuenea madukani, zile za chogo zilianza kuishia stoo, uani na kwa wanunuzi wa skrepa.

Fundi, hata hivyo, haioni skrepa tu. Ndani ya chogo mna spika moja au mbili, na juu ya bodi mna aisii ya kukuza sauti, ambayo aghalabu ingali nzima hata kama kioo kimekufa. Vijana wa ufundi huvitoa vitu hivyo, wakavitia katika kasha la mbao na kuviunganisha na simu au redio ndogo, na nyumba ikapata chombo cha muziki kwa gharama ndogo. Jambo hilo ni jema. Linalotushughulisha katika makala haya ni lugha ya kulieleza. Kwa maana kijana akitaka kufundishwa kazi hiyo kwa Kiswahili, na kwa maandishi, mojawapo ya maneno ya kwanza atakayokutana nayo litampoteza. Neno lenyewe ni kipaza sauti.

Neno la msikilizaji

Hapana shaka kwamba kipaza sauti ni neno lililoundwa vizuri. Kitenzi paa kimenyambuliwa kuwa paza. Kupaza sauti ni kuifanya ipande juu. Na kiambishi ki- kimeleta maana ya chombo. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili ambaye neno hili litamtatiza akilisikia kwa mara ya kwanza. Kasoro haimo katika umbo lake, bali katika mzigo linaobebeshwa. Chombo anachokishika msemaji jukwaani huitwa kipaza sauti. Chombo kilichotundikwa juu ya nguzo, ambamo maneno ya msemaji huyo hutokea, nacho huitwa kipaza sauti. Na lile sanduku lililo kati ya vyombo hivyo viwili, ambalo ndilo hasa linalofanya kazi ya kupaza, nalo halikunyimwa jina hilo hilo.

Sababu yake si ngumu kuikisia. Kwa mtu aliyeketi mkutanoni, vyombo vile vitatu ni kitu kimoja. Sauti ya msemaji ilikuwa ndogo, sasa ni kubwa; basi kipo kilichoipaza. Haimpasi mtu huyo kujua mpaka wa chombo kimoja na kingine. Yeye ameupa mfumo mzima jina kwa matokeo yake, na hana kosa lolote. Kosa ni la mwandishi wa maelezo ya ufundi anayelichukua neno la aliyeketi mkekani, akampelekea aliyeketi mbele ya bodi na chuma cha kulehemu, bila ya kulipima kwanza.

Tulipime basi kwa sentensi moja ambayo mwandishi wa maelekezo ya kazi hii hawezi kuikwepa. Akishikilia neno hilo moja, atalazimika kuandika hivi: "Unganisha nyaya za kipaza sauti na kipaza sauti, na uhakikishe kwamba nguvu ya kipaza sauti haizidi uwezo wa kipaza sauti." Mwenye kucheka na acheke, lakini sentensi hiyo imebeba onyo la kweli. Aisii kama TDA2030, inayopatikana katika vyombo vingi vya sauti, huweza kutoa zaidi ya wati 10. Na spika nyingi za televisheni za chogo zimeandikwa wati chache tu. Aliyeelewa kinyume ataiunguza koili ya spika jioni ile ile. Vilevile, aisii iliyotengenezwa kwa spika ya omu 8 ikipewa ya omu 4, mkondo wa umeme unaopita huweza kukaribia kuwa maradufu, na safari hii itakayoungua huenda ikawa aisii.

Je, muktadha hautoshi?

Wako watakaosema kwamba muktadha utaeleza. Watatukumbusha kuwa hata neno spika lina maana mbili, kwa kuwa Bunge nalo lina Spika wake, na bado hakuna anayechanganya. Hoja hiyo yastahili kujibiwa, kwa sababu inatuonyesha tofauti yenyewe. Tunasema "Spika amefungua kikao" na "spika imeungua". Upatanisho wa kisarufi umekwisha kuzitenganisha maana hizo mbili kabla msikilizaji hajafikiri. Na hata kama usingezitenganisha, ukumbi wa Bunge na meza ya fundi vimeachana mbali. Kipaza sauti hakina msaada huo. Kimeungua, vimeungua: maana zote tatu zimo katika ngeli moja, juu ya meza moja, nazo zimeunganishwa kwa waya. Neno lenye maana nyingi halina madhara pale maana zake zinapokaa mbalimbali. Madhara huanza pale maana hizo zinapokuwa sehemu za saketi moja.

Wako pia watakaotoa hoja ya kifizikia: kwamba mikrofoni na spika ni ndugu wa damu. Ni kweli. Mikrofoni ya aina ya koili ina utando, koili na sumaku, na spika ina vitu hivyo hivyo. Na katika baadhi ya simu za ndani za ofisini kipande kimoja hufanya kazi zote mbili kwa zamu. Lakini kisu na mundu navyo ni chuma chenye makali na mpini, wala mkulima hakuona sababu ya kuvipa jina moja. Chombo hupewa jina kwa kazi kinayoifanya. Mikrofoni huigeuza sauti kuwa umeme. Amplifaya huukuza umeme huo. Spika huurudisha kuwa sauti. Kazi ni tatu, na majina yanapaswa kuwa matatu.

Maneno ya fundi nayo

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kusema kwamba fundi amekwisha kututatulia tatizo, kwa kuwa yeye husema maiki, amplifaya na spika, nasi hatuna la kufanya ila kuyaandika maneno yake. Lakini uhakiki wa haki hauna budi kuyapima ya fundi kama ulivyoyapima ya kamusi.

Spika ya mafundi nayo ina maana tatu. Kwanza ni kile kipande kitupu chenye koni, koili na sumaku. Pili ni kasha zima la mbao lenye kipande hicho ndani. Tatu ni chombo kamili chenye kasha, spika na amplifaya kwa pamoja, ambacho Tanzania mara nyingi huitwa sabufa, hata kama sabufa yenyewe ni sehemu moja tu ya seti. Kijana akiambiwa "chomeka spika kwenye umeme" na mtu anayekusudia maana ya tatu, naye mkononi ana kile kipande kitupu alichokitoa katika chogo, tumempa ushauri wa hatari. Spika tupu haichomekwi ukutani hata kidogo. Hupokea umeme mdogo wa sauti kutoka kwa amplifaya, na hauhitaji mwingine.

Neno la mkopo, basi, haliwi sahihi kwa kuwa limekopwa, kama vile neno la asili haliwi sahihi kwa kuwa ni la asili. Yote mawili husubiri mtu wa kuyawekea mipaka.

Pale neno linapoweza kuua

Msomaji asidhani kwamba tunabishana juu ya koili zilizoungua tu. Yapo maneno mawili katika kazi hii ambayo uzembe wake ni wa kutisha zaidi.

La kwanza ni kuzima. Televisheni huitwa imezimwa ilipozimwa kwa rimoti, ilipozimwa kwa swichi yake, na ilipochomolewa ukutani. Kwa mtazamaji hali hizo tatu ni sawa: picha haipo. Kwa anayeifungua si sawa hata kidogo. Iliyozimwa kwa rimoti ingali na umeme wa ukutani ndani yake. Hata iliyochomolewa, kapasita yake kubwa huweza kubaki na volti 300 na zaidi, na kioo cha chogo cha rangi huweza kuhifadhi maelfu ya volti, kwa kuwa kikiwaka hufanya kazi kwa volti 20,000 au zaidi. Maelekezo yanayosema "zima televisheni, kisha fungua mfuniko" ni Kiswahili fasaha, nayo ni mtego. Yafaa yaandikwe: chomoa waya ukutani, kisha umwachie aliyefunzwa kazi ya kuuondoa umeme uliobaki.

La pili ni ethi. Fundi wa nyumba huita ethi ule waya unaokwenda udongoni. Fundi redio huita ethi ile sehemu ya bodi ambako hasi zote hukutana. Sasa katika televisheni sehemu za namna hiyo huweza kuwa mbili: moja upande wa umeme wa ukutani, nyingine upande wa sauti na picha, na katikati yake ipo transfoma inayozitenga. Anayeishika ile ya kwanza akidhani ndiyo ya pili, ameushika umeme wa ukutani wenyewe. Na katika baadhi ya televisheni za zamani hakuna utengano wowote, bali bodi nzima imo upande wa ukutani. Kuiunganisha na simu ni kuileta hatari hiyo hadi mkononi. Tena zipo aisii, mfano TDA7056, ambazo nyaya zote mbili za spika hutoka kwenye aisii yenyewe, wala hakuna hata mmoja ulio ethi. Aliyezoea kwamba "waya mmoja wa spika huenda ethi" atasababisha shoti. Neno limemdanganya kwa jambo ambalo macho yake yangeliona.

Kwa kulinganisha na hayo, ukinzani ni kosa dogo, lakini halifai kuachwa. Shuleni ukinzani hupimwa kwa mita, nao una jibu moja. Spika iliyoandikwa omu 8, ikipimwa kwa mita ya kawaida, huonyesha kama omu 6 au 7, kwa kuwa namba iliyoandikwa ni ya umeme geu wa sauti, na mita hupima kwa umeme mnyoofu. Mwanafunzi asiye na neno la pili ataitupa spika nzima akidhani ni mbovu. Mafundi wamekwisha kujua tofauti hiyo kwa uzoefu. Kinachokosekana ni jina.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo yafuatayo. Kwanza, kipaza sauti kiachiwe mazungumzo ya kawaida na habari za mikutano, ambako kinafanya kazi yake vyema, na kisitumike kabisa katika maelezo ya ufundi. Kwa asili yake kingemfaa amplifaya kuliko wenzake, lakini neno lililokwisha kuzoewa kwa vyombo vitatu halirudishwi kwa kimoja kwa amri. Pili, tuandike mikrofoni kwa chombo kinachopokea sauti. Amplifaya, au kikuza sauti pale panapohusika sauti peke yake, kwa kinachokuza. Na spika kwa kile kipande chenye koni na sumaku tu. Kasha liitwe kasha la spika, na chombo kamili kitajwe kuwa ni spika yenye amplifaya ndani.

Tatu, ethi ibaki kwa waya uendao udongoni. Makutano ya bodi yaitwe hasi ya bodi, na kila mara itajwe ni ya upande wa ukutani au ya upande wa sauti. Nne, ukinzani ubaki kwa kile kinachopimwa na mita, na impidansi itumike kwa namba iliyoandikwa nyuma ya spika. Tunajua kwamba desturi yetu ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili kabla ya kukopa. Lakini ukinzani ulipatikana ndani ya Kiswahili, nao umeshika nafasi yake; kuupa kazi ya pili kwa kuogopa mkopo mmoja ni kuuharibu.

King'amuzi kinatuonyesha kwamba kazi hii yawezekana. Kimetokana na kitenzi ng'amua, kikafika pamoja na chombo chenyewe, kikapewa chombo kimoja tu, na leo muuzaji na mnunuzi wote wanakielewa bila ya kamusi. Maneno ya sauti yalifika mapema zaidi, kwa njia ya mikutano, na hayakupata bahati hiyo. Kabla ya istilahi yoyote ya ufundi kupitishwa, yafaa iandikwe ndani ya maelekezo halisi ya kazi, iwekwe mbele ya fundi aliyefungua chombo, naye aulizwe mkono wake utakwenda wapi. Mkono ukienda pasipotakiwa, istilahi hiyo irudishwe ikatengenezwe.