Juu ya Sutartinės, Nyimbo za Mapatano za Lithuania

Mwalimu wa kwaya asikiapo wanafunzi wawili, mmoja akiimba do na mwenziwe re kwa wakati mmoja, huwanyamazisha na kusema, "Mmekosa." Twataka kuonyesha kwamba katika nchi ya Lithuania, upande wa Aukštaitija ulio kaskazini-mashariki, jambo hilo si kosa, bali ndiyo kanuni yenyewe ya kuimba.

Nyimbo hizo huitwa sutartinės, jina litokalo katika neno sutarti, maana yake kupatana. Waimbaji wake tangu zamani ni wanawake, hasa wawili, watatu au wanne. Mmoja hutoa maneno ya wimbo, mwingine huitikia kwa maneno ambayo mara nyingi hayana maana ya wazi, na sauti zao hukaa jirani kabisa, zikigongana kama kengele mbili. Katika nyimbo za watatu, kila mmoja huingia nyuma ya mwenziwe kwa wimbo ule ule.

Wanaume nao walizipiga kwa vyombo. Palikuwa na skudučiai, yaani filimbi ndogo ambazo kila moja ina sauti moja tu. Na ragai, baragumu za mti. Na kanklės, chombo cha nyuzi tano hivi, kilichochongwa katika kipande kimoja cha mti na kupigwa kwa vidole, kikiwa magotini. Mwenye filimbi moja hana wimbo mpaka wenziwe waje: kidole kimoja hakivunji chawa.

Ilipoingia karne ya 20 nyimbo hizi zilikuwa zikififia. Padre Adolfas Sabaliauskas alizikusanya vijijini, na mwaka 1916 noti zake zikapigwa chapa. Zenonas Slaviūnas naye akatoa vitabu vitatu katika 1958 na 1959. Twawasifu wote wawili, kwa maana waliiacha migongano ile katika noti, wasiilainishe ipate kupendeza masikio ya wageni.

Lakini juu ya kanklės za jukwaani tuna neno. Mwaka 1940 Jonas Švedas aliunda kundi la taifa la nyimbo na ngoma, na baada ya vita chombo hicho kiliongezewa nyuzi nyingi, kipate kuingia katika okestra. Hatukatai kwamba kipya chatoa muziki mzuri, wala kwamba wapigaji wake ni mahodari. Twalaumu jina tu: kuitwa kanklės "zilizoboreshwa", kana kwamba zile za nyuzi tano zilikuwa na upungufu. Hazikupungukiwa na kitu kwa kazi yake. Kazi ya kipya ni nyingine.

Mwaka 2010 UNESCO iliziandika sutartinės katika orodha ya urithi wa wanadamu. Siku hizi huimbwa na makundi ya mjini na ya vijijini, na wengi wamejifunza katika vitabu na sauti zilizonaswa, si kwa mama zao. Hapo ndipo uzito wa neno letu ulipo. Lau yule padre angalisahihisha alichokisikia, wasingalikuwa na cha kujifunza leo, ila makosa yake yeye.

Basi mwalimu aandikaye nyimbo za wazee na aulize kwanza, "Ndivyo mwimbavyo siku zote?" Wakijibu ndivyo, aandike vivyo hivyo, hata sikio lake likikataa.