Anayenasa Wimbo Naye ni Fundi

Wimbo wa taarabu harusini Mombasa haumalizwi na mwimbaji peke yake. Akifika penye fumbo, aliyeguswa huinuka akaenda kumtunza, noti juu ya noti, naye mwimbaji huurudia ubeti uleule, mara akiuvuta, mara akiukatiza. Vigelegele vinapasuka upande wa wanawake. Yote hayo ni wimbo. Ndiyo maana namsifu mtu asiyesifiwa: yule aliyekaa pembeni na mashine yake, anayerekodi.

Santuri za mwanzo hazikuwa na nafasi ya mambo hayo. Mwimbaji Siti binti Saad alipovuka bahari kutoka Unguja mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi na kampuni ya HMV, upande mmoja wa sahani ulichukua kama dakika tatu tu, na shairi lilibidi litoshee humo. Baadaye, papa hapa Mombasa, duka la Assanand lilitoa santuri za lebo ya Mzuri, na tunalishukuru. Lakini iliyoingia harusini ni kaseti. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande. Humo mwimbaji alipumua, alitunzwa, alirudia. Ulipozitaka kanda za aina hiyo Mji wa Kale, uliambiwa nenda Mbwana Radio Service.

Ufundi wenyewe uko masikioni. Kipaza sauti kikisogezwa mno kwa mwimbaji, udi unamezwa. Kikiachwa karibu na dumbaki, maneno yanapotea, na taarabu bila maneno imebakiwa na nini? Enzi za kaseti, upande wa kanda ulipokaribia kwisha, fundi hakuangalia kanda tu, aliufuata ubeti. Alingoja kibwagizo kiishe, ala zibaki peke yake, kisha akatoa, akageuza, akabonyeza, kabla mwimbaji hajaanza ubeti uliofuata. Asiyejua mashairi aligeuza pabaya, na mshororo uliopotea haukurudi.

Kazi hii ya kuhifadhi ina mizizi mirefu kisiwani Mombasa. Mshairi Muyaka bin Haji alifariki 1840, na mashairi yake yangalipotea vinywani mwa watu lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah hangaliyakusanya na kuyaandika. Kalamu yake ilifanya kazi ya mashine. Wala haikuwa hapa tu: Marekani nako, wakusanyaji wa nyimbo John Lomax na mwanawe Alan walibeba mashine nzito ndani ya gari mwaka 1933, wakaenda hadi magerezani kunasa nyimbo ambazo hakuna studio iliyozitaka.

Nami nafurahi kwamba Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi, mwana wa Lamu aliyehamia Mombasa, alinaswa vyema kabla hajatutoka mwaka 2016. Katika albamu ya Mtindo wa Mombasa, iliyotoka 1990, unasikia risha ikigusa nyuzi pacha za udi, na sauti yake isiyo na haraka ikilitamka kila neno likakamilika. Mwimbaji mwingine, Juma Bhalo, na mahadhi yake ya Kihindi, alipendwa kwa namna nyingine kabisa. Kanda zake zimejaa majumbani.

Na hapo ndipo ninapowaomba wenye nyumba hizo. Joto na unyevu wa kisiwa hiki havina huruma na kanda. Zitoeni kabatini, mzipeleke zikanakiliwe, na juu ya kila moja andikeni jina la mwimbaji, harusi ilikuwa mtaa gani, mwaka gani, na zaidi ya yote, nani aliyetunga shairi. Waulizeni wazee majina hayo sasa.