Asili ya Neno na Kazi Yake

Maneno tuyasikiayo kila siku katika matangazo ya mpira na katika taarifa za nchi yana nasaba zake. Neno habari lilitoka katika Kiarabu. Gazeti lilitujia kwa njia ya Kiingereza, lakini chimbuko lake ni gazzetta, sarafu ndogo ya Venice iliyokuwa bei ya karatasi ya habari. Timu ni la Kiingereza, na Waingereza wa kale waliliita hivyo kundi la wanyama waliofungwa nira pamoja. Bao, ambalo watangazaji hulisema mahali pa goli, ni letu wenyewe. Ni mchezo wa kete uchezwao barazani.

Wako watu wanaolidharau neno kwa sababu ni la kuazima. Hukumu yao haina haki. Neno lapasa kupimwa kwa kazi lifanyayo leo, wala si kwa mlango lililoingilia.

Chukua neno kura. Katika Kiarabu lilikuwa na maana ya kuachia bahati iamue, na hata leo timu za mashindano hupangwa katika makundi kwa kura. Lakini katika uchaguzi maana yake imepinduka: mpiga kura haiachii bahati jambo lolote, bali hutumia hiari yake. Wasemaji wamelichukua neno la bahati wakalifanya neno la hiari. Hiyo ni sifa kwao.

Sasa litazame neno ngome. Ni boma la kumzuia adui, kama Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mtangazaji wa mpira aliliazima neno hilo akawaita walinzi wa goli ngome, na washambuliaji wakawa wavunjaji wake. Aliazima vema. Kwa neno moja msikilizaji asiyekuwako uwanjani huuona mchezo; na filimbi ya mwisho ikilia, mshambuliaji na mlinzi hupeana mikono.

Habari za uchaguzi nazo zikaliazima. Twasoma kwamba kaunti fulani ni ngome ya chama fulani, na kwamba mgombea wa chama kingine ameivamia. Hapa, msomaji, sina budi kulaumu. Kampeni nalo, kabla ya kupita katika Kiingereza, lilikuwa neno la Kifaransa la askari walio vitani nyikani. Maneno ya vita yakikusanyika hivi, mtu aliyekwenda kuomba kura kwa wananchi wenzake huonekana adui aliyeruka ukuta. Tena ngome huwa na bendera moja, lakini kaunti ina watu wengi wenye nia mbalimbali. Neno hilo huwafuta wale wachache kana kwamba hawapo.

Lawama hii si ya mchezo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika Kenya, na wengine wengi sana walifukuzwa makwao. Sisemi kwamba neno moja lilileta msiba ule. Sababu zake zilikuwa nyingi na nzito. Nasema kwamba jirani aliyezoewa kuitwa mvamizi ni rahisi kufukuzwa kuliko jirani aliyezoewa kuitwa jirani. Uwanjani vita ni mfano tu, na kila mtu ajua hivyo. Katika uchaguzi mfano huo waweza kusahauliwa kuwa ni mfano.

Kwa hiyo, usomapo habari, uliza maswali mawili: neno hili limetoka wapi, na hapa lafanya kazi gani? Swali la kwanza litakupa elimu, na la pili litakupa hekima. Na siku utakapoandika wewe, badala ya ngome ya chama, andika mahali penye wafuasi wengi wa chama. Maneno hayo ni marefu kidogo, lakini ni ya kweli, nayo humwachia nafasi jirani asiyekuwa mfuasi.