UHAKIKI WA RIWAYA: Hati, Nyumba na Meza ya Mpingo

Kitabu: By the Sea
Mwandishi: Abdulrazak Gurnah
Mchapishaji: Bloomsbury, London, 2001

Huenda msomaji akauliza kwa nini idara ya Kiswahili ihakiki riwaya ya Kiingereza. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, wahusika wakuu wa riwaya hii ni Waswahili, mmoja wao alipata elimu yake ya juu hapa hapa Uganda, Makerere, na fumbo lao linaanza kufumbuka siku anapotafutwa mtu wa kutafsiri Kiswahili. Isitoshe, Gurnah alipotunukiwa Nobel mwaka 2021 wanafunzi wangu wengi walikuwa hawajasoma hata ukurasa mmoja wa kazi zake. Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022. Kwa By the Sea, inabidi tujikaze na Kiingereza.

Mzee Saleh Omar anatua uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, akiomba hifadhi. Anajifanya hajui Kiingereza, na pasipoti yake ina jina la mtu mwingine: Rajab Shaaban Mahmud. Mwanasheria anayemsaidia anatafuta mjuzi wa Kiswahili na kumpata Latif Mahmud, mhadhiri wa London. Kumbe jina lile ni la marehemu baba yake Latif! Kuanzia hapo riwaya inarudi nyuma, kwa mbinu rejeshi, hadi Zanzibar ya miaka ya 1960.

Kiini cha mgogoro ni biashara. Baba yake Saleh Omar alikuwa muuza halua. Mwana akaligeuza duka kuwa la samani. Anatokea mfanyabiashara wa Ghuba, Hussein, mtu wa maneno matamu. Anakopa fedha kwa Saleh Omar na kumwachia dhamana ya hati inayohusu nyumba ya Rajab Shaaban. Hussein anaondoka na msimu wake, harudi. Saleh Omar anadai nyumba kwa hati ile na kuipata. Familia ya Rajab inahama. Baadaye mke wa Rajab, Asha, ambaye ni kipenzi cha waziri, anamlipizia kisasi. Saleh Omar anafungwa miaka mingi. Mkewe na binti yake wanafariki yeye akiwa kizuizini.

Aliyezoea Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla atamtafuta mpelelezi na kiko chake asimwone. Hapa wapo wanaume wawili tu katika fleti moja ya mji wa pwani wa Uingereza, wakinywa chai, kila mmoja akiwa na nusu ya kisa. Latif amekua akiamini kuwa mzee huyu ni mwizi wa nyumba yao. Mzee naye anaamini alitenda haki kwa mujibu wa karatasi. Taharuki haitokani na swali la nani ameua, bali la nani atakubali kusikia upande wa pili. Naona hapo ndipo Gurnah anapowazidi waandishi wengi wa riwaya za upelelezi: siri haikufichwa na mtu mmoja. Kila mtu aliijua sehemu yake na akanyamaza nayo.

Nilipoijadili darasani, wanafunzi waligawanyika. Waliotoka katika familia zenye kesi za viwanja walimtetea Saleh Omar: hati ni hati. Wengine walimshikilia kwa jambo dogo, ile meza ya mpingo. Hussein aliinunua dukani kwa Saleh Omar akamzawadia Hassan, kaka yake Latif. Baada ya nyumba kutwaliwa, mama alimtuma Latif, akiwa bado kijana, kwenda kuiomba. Akanyimwa. Msichana mmoja alisema sheria ilimpa mzee nyumba, lakini meza ilikuwa ya mtoto wa watu. Sikuwa na la kumjibu. Nadhani hata mwandishi alitaka tukwame papo hapo, kwani Latif mtu mzima anaisahau mengi lakini meza haisahau.

Kasoro zipo. Kukutana kwa Latif na mtu aliyebeba jina la baba yake ni sadfa nzito mno. Msomaji anaimeza kwa sababu tu usimulizi ni mtamu. Linalonisumbua zaidi ni wanawake. Asha anasimuliwa na mwanawe na hasimu wake tu, wote wakimhukumu; hapewi nafasi ya kujieleza. Salha, mke wa Saleh Omar, anakufa karibu bila sauti. Katika riwaya inayohimiza kusikiliza pande zote, upande huu umebaki kimya, na sikubaliani na wanaosema usimulizi wa nafsi ya kwanza unatosha kuwa udhuru.

Kwa walimu wa tafsiri, ningependekeza sehemu ya uwanja wa ndege, pale ofisa anapomnyang'anya mzee kasha lake la udi. Wape wanafunzi waitie katika Kiswahili, kisha wajadili: mtu anayeficha Kiingereza chake, akisimulia kwa Kiingereza, atasikikaje atakaporudishwa katika lugha yake? Mwaka jana nilipata majibu kumi na manne, na hakuna mawili yaliyofanana.